Mtakatifu Monika na Mwanawe Augustino

Katika Afrika ya Kaskazini, nchi inayoitwa leo Algeria, palikuwa na mji mdogo jina lake Thagaste. Siku hizi mji huo unaitwa Souk Ahras. Zamani zile nchi yote ilikuwa chini ya Kaisari wa Roma. Wakristu walikuwa wengi, lakini wapagani walikuwapo bado, na mara nyingi walikaa pamoja na Wakristu katika nyumba moja. Katika mji huo alizaliwa Monika, karibu na mwaka 331. Wazazi wake walikuwa Wakristu.

Aliyemlea hasa alikuwa mtumishi mmoja wa kike, mzee sana. Mama huyo, alipokuwa msichana, alimbeba mgongoni baba yake Monika, kama wasichana wakubwa wanavyowabeba watoto. Kwa ajili ya uzee wake na mwenendo wake mwema, watu wa nyumba ile walimheshimu, wakampa kazi ya kuwatunza mabinti. Jina lake halikuandikwa popote. Alikuwa mkali. Hakuwapa mabinti ruhusa ya kunywa hata maji nje ya saa za kula, ijapokuwa kiu iliwashika. Aliwaeleza kwamba leo wanakunywa maji kwa sababu divai haimo mikononi mwao. Lakini siku watakapoolewa na kushika funguo za ghala, maji watayadharau, na ile desturi ya kunywa ovyo itabaki.

Kumbe hata hivyo Monika alianguka. Wazazi wake walikuwa wakimtuma kuteka divai katika pipa. Kabla ya kuimimina katika chombo, alionja kidogo kwa ncha ya midomo. Hakufanya hivyo kwa kupenda divai; ulikuwa mchezo tu wa utoto. Lakini kila siku aliongeza kidogo, hata mwisho akawa anakunywa vikombe karibu kujaa. Yule mama mzee hakujua. Aliyejua ni kijakazi aliyezoea kwenda naye ghalani. Siku moja wawili hao waligombana, na kijakazi kwa hasira akamtukana bibi yake mdogo kuwa ni mlevi. Neno lile lilimchoma Monika kama mwiba. Aliutazama ubaya wake, akauacha siku ile ile.

Kijakazi alitaka kumwumiza, hakutaka kumponya. Mungu alitumia ulimi wa mmoja kumponya mwingine. Nasi tunazijua habari hizi kwa sababu Monika mwenyewe alimsimulia mwanawe. Wazazi wengi huwasimulia watoto mambo waliyoshinda tu, lakini yeye alimsimulia na lile lililomshinda.

Alipofika umri wa kuolewa, alipewa mume jina lake Patrisio. Mtu huyo alikuwa mpagani, mmoja wa washauri wa mji, mwenye shamba lakini si tajiri. Moyo wake ulikuwa mwema, ila hasira yake ilikuwa kama moto wa nyasi kavu, na katika ndoa hakuwa mwaminifu. Monika hakushindana naye wakati wa hasira, kwa tendo wala kwa neno. Alingoja apoe, ndipo alipomweleza taratibu sababu ya jambo alilolifanya. Wanawake wa Thagaste, ambao wengine wao walikuwa na alama za kipigo usoni, walishangaa kwamba Patrisio hakupata kumpiga mkewe. Ni vizuri kukumbuka kwamba Monika hakusifu makosa ya mumewe, wala hakuyaita mema. Alikuwa akimngojea Mungu afanye kazi ndani yake.

Mama mkwe naye alikuwamo nyumbani. Mwanzoni alimchukia, kwa sababu wajakazi walimletea maneno ya kumsengenya. Monika alimtumikia kwa upole na uvumilivu, siku baada ya siku, hata yule mama mzee akatambua uongo, akamwambia mwanawe mwenyewe ni nani waliokuwa wakiharibu amani ya nyumba. Tangu siku hiyo mama na mkwe walikaa kwa kupendana. Monika alikuwa na kipaji kingine tena: watu wawili waliogombana walipomletea kila mmoja ubaya wa mwenzake, yeye alichukua kwa huyu na kwa yule yale tu yaliyofaa kuwapatanisha. Mengine yalizikwa moyoni mwake.

Mungu aliwapa watoto. Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba mwaka 354. Alikuwa na ndugu jina lake Navigio, na dada mmoja, ambaye baadaye alikuwa mkubwa wa watawa wa kike. Augustino alipokuwa mchanga alitiwa alama ya msalaba na kuonjeshwa chumvi, maana hivyo ndivyo walivyofanyiwa wakatekumeni. Lakini hakubatizwa. Siku moja alishikwa na maumivu ya tumbo, akawa karibu kufa, akaomba mwenyewe ubatizo. Monika aliyatengeneza yote upesi. Mara mtoto akapona, na ubatizo ukaahirishwa. Watu wa siku zile waliogopa kwamba dhambi zinazotendwa baada ya ubatizo ni nzito zaidi; kwa hiyo waliwaacha vijana wapite kwanza katika matope ya ujana. Monika alifuata desturi hiyo. Augustino alipokuwa mzee aliandika waziwazi kwamba ingalikuwa heri kama wangalimponya mapema.

Hata hivyo jambo moja lilikuwa limekwisha kuingia. Mtoto huyo, pamoja na maziwa ya mama yake, alinyonya jina la Kristu. Alilisikia asubuhi na jioni. Alijifunza kwamba yuko Mkuu mmoja awezaye kusikia bila kuonekana, naye akiwa mdogo alimwomba kwa bidii asipigwe shuleni. Patrisio hakumzuia. Nyumba yote iliamini, yeye peke yake hakuamini, lakini haki ya Monika ya kuwafundisha watoto ilikuwa kubwa kuliko upagani wa baba.

Augustino alikuwa na akili nyingi. Alisoma Thagaste, kisha Madaura. Mwaka wa 16 wa umri wake alikaa nyumbani bila kazi, kwa sababu baba yake alikuwa bado anatafuta fedha za kumpeleka Karthago. Mwaka huo ulikuwa mbaya. Usiku mmoja yeye na wenzake waliiba matunda ya peasi katika shamba la jirani, wakawatupia nguruwe, kwa furaha ya kuiba tu. Monika alimwita kando akamwonya juu ya mambo ya uasherati. Kijana aliyaona maonyo yale kuwa maneno ya kike, akaona haya kuyatii. Patrisio yeye alijali jambo moja, kwamba mwanawe ajue kusema vizuri mbele ya watu na apate cheo.

Mwisho alikwenda Karthago, mji mkubwa kando ya bahari, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis. Patrisio alikuwa ameingia katika wakatekumeni. Akabatizwa, kisha akafa, Augustino akiwa na umri wa miaka 17 hivi. Basi uvumilivu wa miaka ile yote haukupotea. Mjane Monika aliendelea kutoa fedha za masomo, kwa msaada wa tajiri mmoja wa Thagaste, jina lake Romaniano.

Lakini kule Karthago mtoto alipotea. Alikaa na mwanamke bila ndoa, akazaa naye mtoto wa kiume, Adeodato, maana yake aliyetolewa na Mungu. Alipokuwa na miaka 18 alisoma kitabu cha Cicero, Mroma mwenye hekima, kinachosifu kutafuta hekima. Kitabu hicho kiliwasha moto moyoni mwake, ila kitu kimoja kilimpunguzia furaha: jina la Kristu halikuwamo. Hapo mtu aweza kuona kazi ya Monika. Kijana alikuwa mbali naye, katika dhambi na majivuno, na bado kitabu kisicho na jina lile hakikumshibisha. Akafungua Maandiko Matakatifu, akayadharau, kwa maana maneno yake aliyaona kuwa ya watu wa chini. Ndipo aliponaswa na Wamanikeo. Hao walikuwa wafuasi wa Mani, mtu wa upande wa Uajemi, wakafundisha kwamba tangu milele ziko nguvu mbili, ya nuru na ya giza, zinazopigana. Walilitaja jina la Kristu daima, na labda ndiyo sababu walimpata. Alikaa nao miaka tisa.

Aliporudi Thagaste kufundisha, Monika hakumkubali mezani pake wala nyumbani mwake. Alilia kuliko akina mama wanavyolia maiti za watoto wao. Kisha akaota ndoto. Alijiona amesimama juu ya ubao mrefu ulionyooka, akilia. Kijana mwenye kung'aa akamjia akicheka, akamwuliza sababu ya huzuni yake. Monika akajibu kwamba anaomboleza upotevu wa mwanawe. Kijana akamwambia atulie na atazame: pale aliposimama yeye, mwanawe naye amesimama. Akatazama, akamwona Augustino karibu naye juu ya ubao ule ule. Asubuhi alimsimulia mwanawe. Augustino, aliyezoea kushinda kwa maneno, akaigeuza ndoto: maana yake ni kwamba mama atakuwa Mmanikeo kama yeye. Monika hakusitasita hata kidogo. Alijibu kwamba hakuambiwa atakuwa pale alipo mwanawe, bali mwanawe atakuwa pale alipo yeye. Mwalimu wa kusema akakosa la kusema. Baada ya ndoto hiyo Monika alimruhusu tena kula mezani pake.

Ndoto haikutosha kumtuliza. Alikwenda kwa askofu mmoja, akamsihi azungumze na mwanawe na kuyavunja mafundisho yale. Askofu alikataa. Alimweleza kwamba kijana amejaa majivuno ya mambo mapya, hatasikia. Amwache, amwombee tu. Akamweleza pia habari zake mwenyewe: mama yake alidanganywa na Wamanikeo, akamkabidhi kwao angali mtoto. Alisoma vitabu vyao karibu vyote, hata kuvinakili kwa mkono, na bila mtu kubishana naye aliona mwenyewe kuwa ni upotevu, akatoka. Kumbe askofu huyo alipewa uongo na mama yake, na ukweli ukampata. Na huyu Augustino aliyepewa ukweli ndiye alikuwa akiukimbia. Monika hakuridhika. Akazidi kusihi na kulia, hata askofu akachoka, akamwambia aende zake, maana haiwezekani mtoto wa machozi kama hayo apotee. Monika alilipokea jibu lile kana kwamba limetoka mbinguni.

Mwaka 383 Augustino aliamua kwenda Roma. Mama yake alimfuata mpaka pwani, akamshika, ama arudi naye nyumbani, ama waende wote. Augustino akamdanganya. Alisema kwamba anamsindikiza rafiki anayengoja upepo, akamshauri mama alale usiku ule katika kanisa dogo la Mtakatifu Sipriano, karibu na chombo. Monika akaenda kusali. Usiku ule upepo ukavuma, matanga yakajaa, chombo kikaondoka. Asubuhi alikuta bahari tupu. Alilia kwa sauti kubwa pale ufukoni, akilaumu udanganyifu na ukatili wa mwanawe. Halafu akarudi nyumbani, na kazi yake ikawa ile ile ya kumwombea. Usiku ule alikuwa ameomba jambo moja, kwamba mwanawe asisafiri. Mungu alimnyima hilo, kwa kuwa safari yenyewe ndiyo njia ya kumpa alilolitaka miaka yote.

Maana toka Roma Augustino alipelekwa Milano, mwaka 384, kuwa mwalimu wa ufundi wa kusema. Askofu wa Milano alikuwa Ambrosio. Kwanza Augustino alikwenda kumsikiliza kwa kupenda jinsi alivyosema. Baadaye maneno yenyewe yakaanza kuingia.

Mwaka 385 Monika alivuka bahari. Dhoruba iliwashika njiani. Kwa desturi mabaharia ndio wanaowatia moyo abiria waoga. Safari ile mjane wa Thagaste ndiye aliyewatia moyo mabaharia, akiwaahidi kwamba watafika salama. Alimkuta mwanawe amewaacha Wamanikeo, ila bado hajawa Mkatoliki. Hakurukaruka kwa furaha. Alijibu kwa utulivu kwamba anaamini atamwona Mkatoliki mwaminifu kabla ya kufa kwake.

Kule Milano ilimpasa mwalimu huyu wa nyumbani kujifunza naye. Afrika alizoea kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Divai yake ilikuwa kikombe kimoja kidogo, iliyochanganywa na maji, na alikizungusha kikombe hicho katika makaburi yote. Mlangoni kwa kanisa bawabu akamzuia: askofu amekataza, kwa sababu ya walevi, na kwa kuwa desturi ile ilifanana sana na karamu za wapagani kwa wafu wao. Monika hakuuliza mara mbili. Augustino alishangaa kumwona akiilaumu desturi yake upesi kuliko kulilaumu katazo. Tangu siku ile alileta moyo wenye sala, na chakula akawapa maskini. Tena alifadhaika juu ya Jumamosi, kwa sababu kule Milano watu hawakufunga siku hiyo, na mahali pengine walifunga. Alimtuma mwanawe amwulize askofu. Ambrosio akajibu kwamba yeye mwenyewe hufuata desturi ya kanisa la mahali alipo. Mwaka 386, Yustina, mama wa Kaisari, alipotaka kuwapa Waario kanisa moja, Wakatoliki walikesha kanisani pamoja na askofu wao, tayari kufa. Na Monika alikuwa kati ya wa kwanza.

Liko jambo moja la siku zile lisilopendeza kusimuliwa. Monika alimtafutia mwanawe mchumba wa ukoo mzuri, na yule mwanamke wa miaka mingi, mama yake Adeodato, akarudishwa Afrika. Aliondoka akiweka nadhiri ya kutokujua mume mwingine. Mtoto akaachwa kwa baba. Hata watakatifu, katika kutengeneza maisha ya watoto wao, hawakuona yote. Ndoa ile haikufungwa.

Mwezi Agosti mwaka 386, Augustino alikuwa bustanini, akilia juu ya utumwa wa moyo wake, mara akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikiimba kwamba achukue, asome. Akachukua barua za Mtume Paulo, akasoma mahali palipofunguka, na shaka yote ikamtoka. Rafiki yake Alipio akaamua pamoja naye. Wote wawili wakaingia ndani kumwambia Monika. Alishangilia. Juu ya ubao ule wa ndoto sasa walisimama wawili.

Augustino aliacha kazi yake, akaenda kukaa shambani Kasisiako pamoja na mama, ndugu, mtoto na marafiki. Tarehe 13 Novemba, siku ya kuzaliwa kwake, aliwakusanya wazungumze juu ya maisha ya heri. Monika, ambaye hakusomea ufundi wowote wa kusema, alikaa nao. Waliulizana kama mtu mwenye kila anachotaka ana heri. Monika akajibu kwamba akitaka mema na kuyapata, ana heri. Akitaka mabaya, ingawa anayo yote, ni mnyonge. Augustino akamwambia kwamba ameishika ngome yenyewe ya hekima, maana Cicero naye alisema hivyo. Walipoulizana ni nani aliye na Mungu, Adeodato, mdogo wa wote, alijibu kwamba ni yule asiye na roho chafu. Bibi yake alikubali majibu ya wote, ila hilo la mjukuu alilisifu kupita yote. Siku nyingine Monika aliingia wakati karani anaandika, akasikia kwamba maneno yake pia yanaandikwa. Akauliza kama wamepata kusoma vitabuni kwamba wanawake waliingizwa katika mabishano ya namna ile. Maneno yake yakaandikwa, na yapo hata leo.

Usiku wa kuamkia Pasaka, tarehe 24 Aprili mwaka 387, Ambrosio aliwabatiza Augustino, Alipio na Adeodato. Baba na mtoto wake walitoka katika maji yale siku moja.

Baadaye walianza safari ya kurudi Afrika. Walipumzika Ostia, bandari ya Roma. Hapo jioni moja mama na mwana walisimama peke yao dirishani, juu ya bustani ya nyumba, wakaongea juu ya uzima wa milele wa watakatifu, hata mioyo yao ikapanda juu ya vitu vyote vya dunia, kwa nukta moja. Monika akasema kwamba sasa hajui anafanya nini tena duniani, maana alilolitamani amelipata na zaidi. Siku tano hivi zilipita, akashikwa na homa.

Tangu zamani alikuwa amejitengenezea kaburi Thagaste, kando ya mumewe. Sasa alipozinduka baada ya kuzimia, aliwaambia wanawe wamzike hapo hapo. Navigio alisema afadhali afie kwao. Monika alimtazama kwa macho ya kumlaumu. Mwili wauweke popote. Ombi lake moja ni kwamba wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, po pote watakapokuwa. Na watu walipomwuliza kama haogopi kuacha mwili wake mbali na kwao, alijibu kwamba kwa Mungu hakuna mbali. Alikufa siku ya tisa ya ugonjwa, katika mwaka wa 56 wa umri wake. Augustino alikuwa na miaka 32.

Adeodato akapiga kelele ya kilio, wakamnyamazisha. Evodio, mtu wa kwao, akaanzisha zaburi, nyumba yote ikaitikia. Augustino alijizuia, akaenda kaburini na kurudi bila machozi. Alioga, akalala. Alipoamka peke yake kitandani, akakumbuka wimbo wa Ambrosio, kisha akamkumbuka mama yake; akayaacha machozi yatoke.

Mwaka 388 alirudi Afrika. Adeodato alikufa kijana. Augustino akawa padri mwaka 391, kisha askofu wa Hippo, mpaka alipokufa tarehe 28 Agosti mwaka 430. Kanisa huadhimisha sikukuu ya Monika siku moja kabla ya hiyo. Mwili wake ulihamishiwa Roma mwaka 1430; na mwaka 1945, kule Ostia, kilionekana ardhini kipande cha jiwe la kaburi lake, chenye maandishi.

Miaka kumi hivi baada ya maziko yale, Augustino aliandika kitabu cha kuungama maisha yake. Humo alimtaja mama yake mara nyingi sana, lakini jina lake Monika aliliandika mara moja tu, pamoja na la Patrisio, mahali anapowaomba wote watakaokisoma wawakumbuke wazazi wake hao wawili kwenye altare.